Uzito wa Maji Juu ya Boriti: Tangi la Samaki katika Nyumba ya Lamu

Tangi la samaki, yaani sanduku la vioo vitano vilivyogandishwa kwa silikoni ili lishike maji na viumbe vya kutazamwa, ni miongoni mwa vyombo vichache vya nyumbani ambavyo uzito wake humdanganya hata mtu mzima, kwa sababu siku linapoingizwa ndani watu wawili hulibeba mikononi, na siku ya pili, likiisha kujazwa, hata watu wanne hawalisogezi. Swali linaloulizwa kwa kawaida ni kama meza au kabati fulani litalihimili. Katika Mji wa Kale wa Lamu, ambako nyumba nyingi za mawe ni za ghorofa na sakafu zake zimelala juu ya boriti za mikoko, swali hilo ni nusu tu ya swali lenyewe, kwani chini ya fanicha ipo sakafu, na chini ya sakafu zipo boriti, na kila kimoja kati ya hivi hubeba mzigo kwa namna yake na huharibika kwa namna yake.

Hesabu si ngumu, na mtu mwenye kalamu karibu anaweza kuifuata. Lita moja ya maji yasiyo na chumvi ina uzito wa kilo moja, na maji ya bahari huzidi kidogo, karibu kilo 1.025. Tangi lenye urefu wa sentimita 120, upana wa 40 na kimo cha 50 lina ujazo wa lita 240. Vioo vyake, vikiwa na unene wa milimita 10, vinakaribia kilo 52, na mchanga pamoja na mawe ya kulipamba, yakishatolewa maji ambayo vitu hivyo vimechukua nafasi yake, huongeza kilo 30 au 40. Jumla inakaribia kilo 330, ambao ni uzito wa watu wazima watano waliosimama kwenye eneo lisilotimia nusu mita ya mraba, usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka. Kanuni za uhandisi za Uingereza, ambazo Kenya ilizirithi na kuzitumia kwa muda mrefu, hukadiria mzigo wa watu na vyombo katika chumba cha kuishi kuwa karibu kilo 150 kwa kila mita ya mraba. Tangi hili, likigawanywa juu ya eneo lake la mita ya mraba 0.48, linafika karibu kilo 690. Haimaanishi kwamba sakafu itavunjika papo hapo, kwa kuwa kilo 150 ni kadirio la chumba kizima na tangi hukaa mahali pamoja, lakini inatosha kuonyesha kwamba mzigo huu si wa kuwekwa kwa kubahatisha, kama anavyofanya mtu anayehamisha redio kutoka meza hii hadi ile.

Lamu haikungoja vioo vya kisasa ili kufuga samaki ndani ya nyumba. Katika choo cha nyumba ya mawe, neno ambalo hapa hujumuisha pia mahali pa kuogea, hujengwa birika, yaani hodhi ya mawe iliyosiribwa kwa chokaa, ambamo hutiwa maji ya kisima kwa ajili ya kuoga na kutawadha. Ndani ya birika hilo wenyeji waliweka samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu kabla havijapata mbawa, na katika baadhi ya mabirika bakuli la kauri lilipachikwa kwenye sakafu ya hodhi ili maji yakichotwa hadi karibu yaishe, samaki wabaki na kimbilio la maji kidogo. Birika lenye sentimita 60 kila upande na kina cha sentimita 70 hushika lita 252, kiasi kinacholingana na cha tangi la kioo lililotajwa. Tofauti ni kwamba birika huwa limeungana na pembe ya kuta mbili nene, zenye upana wa karibu nusu mita, na uzito wake huteremka moja kwa moja ndani ya kuta hizo hadi kwenye msingi, pasipo mguu wa meza, ulimi wa seremala wala msumari kuubeba njiani. Waashi waliojenga namna hiyo waliyahesabu maji mengi kuwa sehemu ya jengo. Mtu anayeyaweka maji hayohayo juu ya fanicha ameyahesabu kuwa kifaa cha nyumbani, na hapo ndipo matatizo yote yanayofuata yanapoanzia.

Ikichukuliwa fanicha kwanza, ni lazima litengwe jambo moja ambalo wengi hulichanganya. Mti mgumu uliosimama wima hauvunjwi kwa urahisi na uzito unaoushukia kwa juu. Mguu wa mbambakofi au msaji wenye upana wa sentimita 5 kila upande una eneo la sentimita za mraba 25, na robo ya kilo 330 ikiuangukia, kila sentimita ya mraba hubeba kilo tatu na kitu, mzigo ambao kwa mti wa aina hiyo ni mdogo mno. Meza haianguki kwa kuwa miguu yake imepondeka. Huanguka kwa kuwa imekwenda upogo, yaani mraba wake umelala upande na kugeuka mshazari, viungo vikafunguka, na uzito uliokuwa ukishuka wima ukaanza kusukuma pembeni. Kwa sababu hiyo anayekagua meza asianze kwa kuikalia juu. Aishike pembe ya juu kwa mkono mmoja na kuisukuma kwa urefu wake, kisha kwa upana wake, huku mwenziwe akitazama mahali ambapo ulimi wa mguu umeingia katika tundu lake. Penye mwanya unaofunguka na kufumba, hata ukiwa wa unene wa ukucha, tangi halifai kuwekwa hapo mpaka kiungo kifunguliwe na kuundwa upya, au upande wa nyuma utiwe ubao wa mshazari unaozuia mraba kulala.

Fanicha za Lamu zenye sifa zaidi ndizo zisizofaa zaidi kwa kazi hii, na hilo si aibu kwazo, kwa maana hazikuundwa kwa ajili ya kubeba maji. Kitanda cha kamba, chenye matendegu yaliyokerezwa, mifumbati ya pembeni na vitakizo vya kichwani na miguuni, hutegemea mvuto wa kamba, na kamba hulegea. Kiti cha enzi, kilichotengenezwa kwa mti mweusi na kupambwa kwa vipande vya pembe, ni kiti cha mgeni wa heshima na si cha kubebeshwa mzigo. Kasha lenye misumari ya shaba hudanganya zaidi kuliko vyote viwili, kwa kuwa ni zito, ni pana na limekaa chini. Lakini mfuniko wake ni ubao uliolala juu ya kingo bila nguzo katikati, na upana ulio tupu chini ya ubao huo hufika nusu mita. Ubao wa namna hiyo hupinda polepole. Mti wowote unaobeba mzigo usioondoka huendelea kupinda kwa miezi na miaka baada ya siku ya kwanza, na mpindo wa mwisho unaweza kufika maradufu ya ule ulioonekana mwanzoni, jambo ambalo mafundi hulieleza kwa kusema kwamba mti umechoka. Kioo hakichoki kwa namna hiyo. Ubao ukipinda milimita tatu, kitako cha kioo hakipindi nao, hubaki kimeegemea ncha mbili, na kiungo cha silikoni huanza kuvutwa.

Makabati ya kisasa ya mbao za kushindiliwa, zinazotengenezwa kwa vumbi na vipande vya mti vilivyochanganywa na gundi, huletwa kutoka Mombasa hadi gati ya Mokowe na kuvushwa kwa mashua, na kwa kuwa yana bei nafuu na sura safi, ndiyo yanayopatikana katika nyumba nyingi za leo. Hayafai kabisa kubeba tangi kubwa. Mbao hizo hubeba mzigo wa wima vizuri kiasi zikiwa kavu, lakini zikinywa maji huvimba na kumumunyuka, na hakuna tangi lisilodondosha maji siku za kusafishwa. Isitoshe skrubu zake zimeshika unga mtupu, na hewa ya chumvi ya Lamu hula chuma. Anayetaka kabati kwa kazi hii na amwite seremala wa kisiwani, ampe vipimo vya tangi, aombe miguu sita badala ya minne, mihimili miwili ya urefu iliyosimamishwa kwa upande wake mwembamba, kwa maana ubao uliosimama kiubavu hubeba mara nyingi zaidi ya uliolala, na juu yake plaiwudi nene isiyoogopa maji. Visiwani mna mafundi wa majahazi, hasa Matondoni, ambao wanajua kwa mikono yao kwamba farumi, yaani mawe yanayowekwa tumboni mwa chombo ili kisipinduke, isipofungwa ikatulia hugeuka adui wa chombo kilekile inachokituliza. Maji yanayoyumba ndani ya tangi juu ya meza iliyolegea hufanya kazi hiyohiyo ya uharibifu, kwa kuwa kila yanaporudi huongeza nguvu ya msukumo uliopita.

Fanicha ikishakuwa imara, kazi kubwa zaidi inabaki chini yake. Sakafu ya ghorofa katika nyumba ya mawe ya Lamu hutengenezwa kwa boriti, yaani magogo membamba ya mikoko, zilizopangwa sambamba kutoka ukuta hadi ukuta kwa nafasi ya shubiri moja au zaidi, juu yake yakalazwa mawe bapa ya matumbawe, kisha mchanganyiko wa kokoto na chokaa ulioshindiliwa, na mwisho chokaa laini ya juu. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba: kwa kuwa boriti nzuri haivuki nafasi ya zaidi ya mita mbili na nusu hadi tatu, vyumba vya Lamu, kama vile msana wa tini, msana wa yuu na chumba kiitwacho ndani, ni virefu na vyembamba, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine. Kipimo hicho kilivuka bahari pamoja na boriti zenyewe, kwani kwa karne nyingi zilipakiwa majahazini kwenda Ghuba, na nyumba za kale za huko nazo zina vyumba vyembamba kwa sababu ileile, mpaka Kenya ilipopiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi mwaka 1982.

Mtu anayesimama juu ya sakafu kama hiyo huiona nzito na nene, na kwa unene huo hujipa moyo. Hapa ndipo kosa kubwa lilipo. Unene wa sakafu ni mzigo kabla haujawa nguvu. Ikiwa mawe na chokaa vina unene wa sentimita 35, na mita moja ya ujazo ya mchanganyiko huo inakadiriwa kuwa na karibu tani 1.7, basi kila mita ya mraba ya sakafu tupu, isiyo na mkeka wala kiti, tayari ina karibu kilo 600 zinazoelemea boriti. Boriti zimekuwa zikibeba uzito huo tangu siku ya kujengwa, na zinachobakiwa nacho kwa ajili ya watu na vyombo ni sehemu ndogo tu ya uwezo wake wote. Kila mwenye nyumba aliyetandaza sakafu mpya ya saruji juu ya ile ya zamani ili kuisawazisha amekula sehemu ya akiba hiyo, kwa kuwa sentimita 5 za saruji huongeza zaidi ya kilo 100 kwa kila mita ya mraba, na saruji haiungani na chokaa iliyo chini yake ili kuisaidia kubeba.

Kwa hiyo mahali ambapo tangi litawekwa huweza kuwa na maana kubwa kuliko ukubwa wake. Boriti huvuka upande mfupi wa chumba, na vichwa vyake vimezama katika kuta mbili ndefu. Tangi la sentimita 120 likiwekwa mgongo wake ukielekea ukuta mrefu hukatiza juu ya boriti tatu au nne zilizoachana sentimita 30 au 40, tena karibu na vichwa vyake, ambako sehemu kubwa ya mzigo huingia ukutani bila kupinda mti. Tangi hilohilo likiwekwa kwenye ukuta mfupi, mwisho wa chumba, hulala sambamba na boriti, likaangukia moja au mbili tu, na likikaa katikati ya ukuta huo huwa limeziangukia pale zinapopinda kwa urahisi zaidi. Sakafu ni ileile, kilo ni zilezile, na hatari imeongezeka mara kadhaa. Kujua zinakoelekea boriti hakuhitaji kifaa: mtu hushuka chumba cha chini na kutazama juu. Ikumbukwe pia kwamba zidaka, yaani vishubaka vya chokaa vilivyochongwa katika ukuta wa ndani ili kuweka sahani za kauri na taa, ni mapambo ya ukuta na si rafu za kubebea mzigo, na kwamba fanicha iliyosukumwa hadi kuzigusa huweza kuzivunja.

Akiwa huko chini, mkaguzi ana kazi nyingine, na kazi hii haifai kufanywa kwa haraka. Boriti ya mkoko ikikaa kavu hudumu vizazi, lakini kichwa chake kilichozama ukutani hakionekani, na huko ndiko unyevu unakokaa. Fundi mzoefu huweka ngazi, akapanda hadi pembeni kabisa, mahali mti unapoingia katika chokaa, kisha akakandamiza ncha ya kisu kwa pembe. Kisu kikikataa baada ya kuzama kidogo, mti ni mzima. Kikizama kama kinachoingia katika muhogo uliopikwa, kichwa kimeoza, hata kama sehemu iliyobaki ya boriti bado imenyooka na rangi yake ya zamani ingalipo. Baada ya kisu hufuata nyundo ya mti: boriti nzima hujibu kwa sauti kali, na iliyoliwa na mchwa au bungua hujibu kwa sauti nene. Unga laini wa rangi ya maziwa juu ya mkeka ulio chini ya boriti, mstari wa kahawia ukutani unaoshuka kutoka kwenye kichwa cha mti, ufa wa chokaa unaokwenda sambamba na ukuta mrefu: ikionekana mojawapo ya alama hizi, tangi kubwa lisipelekwe juu, na mtu asijifariji kwamba sakafu imesimama miaka 150 na itasimama. Imesimama kwa mzigo inaoujua.

Tangi lenyewe, likishawekwa, laweza kuwa chanzo cha kuoza huko. Maji yanayodondoka kila wiki nyuma ya kabati hayaonekani. Hupita katika ufa wa chokaa, hufuata jiwe, na hutua hasa kwenye kichwa cha boriti, kwa kuwa tangi limewekwa karibu na ukuta kwa kufuata ushauri mzuri uliotangulia. Anayeweka maji ya bahari huongeza chumvi, ambayo hunyonya unyevu wa hewa na kuzuia ukuta usikauke. Dawa yake ni sinia pana ya bati au ya plastiki chini ya miguu ya kabati, yenye ukingo wa vidole viwili, na nafasi ya upana wa kiganja kati ya kabati na ukuta ili jicho na kitambaa vifike.

Sakafu ya chokaa, tena, si sawa kama kioo. Fundi aliyeisiriba aliiachia mteremko mdogo ili maji ya kuoshea yatoke, na miaka mingi ya miguu imeichimba katikati. Kwa hiyo baada ya kabati kusimama huwekwa pima maji kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, na asiye na pima maji hutumia mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji, kama wanavyofanya waashi. Kasoro hurekebishwa chini ya miguu ya kabati, kwa vipande vya mti mgumu, na kamwe si kwa kuingiza kipande cha karatasi au gome chini ya pembe moja ya kioo. Kioo kilichoinuliwa pembe moja kinasubiri tu siku yake. Chini ya miguu yote hulazwa ubao mmoja mpana, ili uzito wa kila mguu usiitoboe chokaa mahali pamoja.

Kuna jaribio linaloweza kufanywa kabla ya kununua hata kioo kimoja. Dumu la lita 20 lililojaa ni kilo 20 na ushee, na madumu 16, yaliyopangwa manane chini na manane juu na kutenganishwa kwa ubao, hukaribia sana uzito wa tangi la sentimita 120, kwa kipimo kilekile cha eneo. Kabla ya kuyaweka, uzi hufungwa chini ya boriti kutoka ukuta hadi ukuta, ukavutwa hadi ukaze, na nafasi kati ya uzi na boriti katikati ya chumba ikapimwa kwa rula na kuandikwa. Madumu hupandishwa mawili mawili, na baada ya kila safu hupimwa tena. Katika muda wote huo asiwepo mtu chumba cha chini, isipokuwa yule anayepima kwa dakika moja na kutoka. Mzigo huachwa kwa wiki moja nzima, si kwa saa moja, kwa sababu ya uchovu wa mti uliokwisha kuelezwa. Boriti iliyopinda milimita mbili siku ya kwanza na kubaki hapo siku ya saba imetoa jibu jema, na iliyopinda mbili, kisha tatu, kisha nne, bado inashuka, na jibu lake ni kwamba madumu yateremshwe siku hiyohiyo.

Mji wa Kale wa Lamu umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001, na anayefikiria kuongeza nguzo, kubadilisha boriti au kuchimba ukuta ili tangi lipate mahali anapaswa kuzungumza kwanza na ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Lakini nyumba nyingi hazihitaji kuguswa. Chumba cha chini, ambacho sakafu yake imelala juu ya ardhi, hubeba tangi la aina yoyote, na pale karibu na kiwanda, yaani ua wa ndani usiofunikwa, ambapo mwanga hufika bila jua kali, kiguzo kifupi cha mawe ya kisiwa cha Manda kilichosiribwa kwa chokaa na kusawazishwa kwa pima maji ni bora kuliko kabati lolote litakaloletwa kwa mashua. Na kwa familia inayoishi ghorofani peke yake, lipo tangi dogo la sentimita 60 kwa 30 kwa 35, lenye lita 63, ambalo likikamilika na vioo na mchanga wake halizidi sana kilo 85. Huo ni uzito wa mtu mmoja mnene aliyekuja kutembea, na meza nzuri ya mbambakofi isiyocheza viungo, ikiwa kando ya ukuta mrefu, itaubeba.